Mzazi Mbebaji

Kwa mujibu wa waraka wa kurasa tano uliotolewa na kamati ya mashindano ya taifa ya vijana ya uvuvi wa besi, na kusomwa kwenye kipaza sauti saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwanza kwa Kiafrikana kisha kwa Kiingereza, mashindano hayo yanaongozwa na kanuni moja kuu: kwamba samaki ni mgeni wa heshima, si mateka, kwamba kila atakayevuliwa atapimwa, atashukuriwa na kurudishwa majini akiwa hai, na kwamba, mambo yote yakizingatiwa, siku hiyo hakuna kiumbe atakayepoteza chochote.

Waliokuwepo walipiga makofi. Théodore naye alipiga, ingawa hakuwa amesikia neno, akiwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mashine inayonguruma ya gari la kuuzia kahawa, ndani ya suti ya bluu iliyokolea, kizibao, tai, na viatu vya ngozi vilivyochongoka. Wazazi wengine, mia na kitu, walikuwa wamevaa kaptula na kofia pana. Suti hiyo aliishona mwenyewe kwa wiki tatu, kila alipomaliza kazi za wateja, maana kwake yeye neno "taifa" lilikuwa neno la suti.

Gichuki, aliyewapitia kwa gari lake pale Bertrams, mtaani kwao Johannesburg, kabla hakujapambazuka, alikuwa amemkagua kuanzia viatuni hadi kwenye tai.

"Papa Carmel, tunaenda kuvua samaki ama kuoza binti?"

"Ni championnat ya taifa, Baba Wairimu. Televisheni ikikuja, wewe na hiyo kaptula watakukata kwenye picha."

Gichuki alicheka hadi akazima gari bila kukusudia. Alikuwa Mkenya, mtu wa benki huko Sandton, na walijuana kwa sababu walisali kanisa moja na kwa sababu binti zao, Carmel wa Théodore na Wairimu wa Gichuki, walikuwa chama kimoja cha uvuvi. Bwawa la mashindano lilikuwa nje kidogo ya Randburg, shamba la mtu, lenye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za wateja wengi wa Bertrams.

Besi, kwa wasiomjua, ni samaki wa mdomo mpana ambaye si mwenyeji wa Afrika Kusini. Aliletwa kwa meli karibu miaka mia iliyopita ili watu wapate cha kuvua siku za mapumziko, na serikali imemwandika kwenye orodha ya viumbe wageni wavamizi. Hata hivyo anaishi kwa raha mabwawani, ana vyama vyake, majarida yake na mashindano yake ya taifa. Théodore aliyajua hayo kwa sababu Carmel aliwahi kuyaandikia insha ya shule. Alipomaliza kumsomea, baba aliuliza swali moja tu: kibali chake kinaisha lini? Carmel hakucheka. Zabibu, mama yake, angecheka.

Théodore mwenyewe alitoka Bukavu, Kongo, akapita nchi tatu na cherehani moja, akafika Johannesburg akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Kibali chake kilikuwa cha miezi sita sita, na kilikuwa kimeshakwisha mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu bila kukaa chini. Kila mara alijaza fomu na kutia saini chini ya maneno yanayosema kwamba amesoma na ameelewa. Mara ya kwanza alisoma kweli. Aligundua kwamba aliyesoma na asiyesoma husimama mstari uleule, chini ya jua lilelile, na kutoka hapo akaacha kusoma, akabaki na kazi ya kuipamba saini. Fomu ya kamati ya besi ilipokuja, ilimkuta mezani kati ya suruali mbili za kupunguza. Akatia saini, akaendelea na suruali.

Kati ya mambo yaliyoandikwa humo, moja alilijua, kwa kuwa ndilo lililomleta. Kila mshiriki alitakiwa kuwa na mzazi mbebaji. Mtoto akivua samaki, humtia kwenye mfuko mnene wa turubai wenye maji, mzazi huuchukua na kuupeleka mezani kwenye mizani, na mtoto huendelea kuvua. Uzito wa samaki watano wakubwa ndio huhesabiwa. Watoto sita wa kwanza huingia timu ya taifa ya vijana.

"Sita, Papa," Carmel alikuwa amemwambia wiki iliyotangulia, mlangoni mwa duka, bila kuingia ndani. "Ni mwaka wangu wa mwisho. Niko fifteen."

Kwa miaka minne mzazi mbebaji alikuwa Zabibu.

Zabibu alizaliwa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, mtoto wa mama aliyeuza samaki, na hakuona kwa nini kuhamia mji usio na ziwa wala mto wa maana kumfanye mtu aache kula samaki. Jumamosi alimshika mtoto mkono, akachukua ndoo, wakaenda kwenye bwawa lolote la jiji lisilokuwa na mlinzi mkali. Mshipi wao ulikuwa uzi wa nailoni wa dukani kwa Théodore, ule wa kushonea mabegi. Théodore alikuwa akiona vibunda vya uzi vikipungua na kunyamaza, maana ndani ya ndoa kuna wizi ambao mtu huona aibu kuulalamikia. Ni kwenye mojawapo ya mabwawa hayo mzee mmoja wa chama cha uvuvi alipomwona msichana wa miaka tisa akivuta besi kwa uzi wa kushonea mabegi, akasimama, akauliza jina.

Baada ya hapo Carmel alipata fimbo ya kweli, chambo cha mpira kinachofanana na mjusi, na Jumamosi za mbali. Mama alikwenda naye. Baba alibaki dukani, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya suti za harusi. Wakirudi jioni viatu vya Zabibu vilikuwa vimelowa chapachapa, na Théodore alidhani bado wanaingia majini kama zamani.

Kisha, miaka miwili kabla ya siku tunayoisimulia, mwezi wa Julai, Zabibu aliugua siku tisa akafa.

Tangu hapo baba na binti waliishi kwa adabu. Walipishana jikoni kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Yeye alisema Kiswahili, binti alijibu Kiingereza, kila mmoja alimwelewa mwenzake barabara, na haikuwasaidia kitu. Miaka yote miwili, kwenye mashindano madogo, Gichuki ndiye aliyewabebea wasichana wote wawili. Lakini mashindano ya taifa hayakuruhusu mzazi wa kuazima kwenye fomu, ndiyo maana Théodore alifunga duka. Carmel alitaka nafasi ya sita. Baba yake alitaka jambo dogo zaidi, ambalo hakumwambia mtu: akabidhiwe samaki mmoja.

Saa kumi na mbili honi ikalia.

Théodore alipewa kiti cha kukunja kwenye nyasi, hatua kama kumi nyuma ya mahali pa Carmel. Meza ya mizani ilikuwa mbali, ng'ambo ya miti iliyoinamia maji, na kutoka kitini haikuonekana. Carmel alirusha, akavuta taratibu, akarusha tena. Alikuwa na mabega ya mama yake. Mtu aliyemtazama kwa nyuma tu angeweza kujidanganya kwa dakika nzima.

Samaki wa kwanza alitoka kabla ya saa moja. Théodore aliinuka, akafunga kifungo cha koti. Carmel aligeuka, akaitazama suti, akavitazama viatu, kisha akamwita jirani.

"Uncle Gichuki!"

Gichuki, ambaye alisimama mahali pa binti yake hatua chache kando, alimtazama Théodore kama mtu aliyeombwa kukaa kwenye kiti cha mwingine.

"Nipeleke tu mara moja, mzee. Wewe pumzika. Huko njiani kuna matope."

"Sawa, Baba Wairimu. Asante."

Ikawa hivyo kwa samaki wa pili, wa tatu na wa nne. Kanuni hazikukataza jirani kusaidia, mradi mwenye saini awepo, na mwenye saini alikuwepo. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye dirisha namba saba la ofisi ya vibali. Gichuki alikuwa akirudi na habari: kilo moja na nusu, kilo moja na robo, "Msichana anatisha, mzee. Wairimu wangu anavua vidagaa." Alisema kwa mzaha, lakini saa tano na nusu alikuwa ameacha mzaha na kuanza kupiga hesabu kwenye simu, maana wasichana wote wawili walikuwa wakiikaribia ile nafasi ya sita.

Saa tano na dakika arobaini Gichuki alikuwa njiani na samaki wa Wairimu. Fimbo ya Carmel ikapinda.

Hakupiga kelele. Aliingia majini hadi magotini, akarudi nyuma, akalegeza, akavuta, akalegeza. Yule samaki alipojitokeza juu, wazazi wawili wa jirani waliacha kuongea. Carmel alimshika kwa taya ya chini, akamlaza ndani ya mfuko wa maji, akafunga, akageuka. Gichuki hayupo.

"Papa!"

Kiti kilianguka. Théodore alikuwa tayari amefika.

"Peleka, Papa. Haraka, please. Bado nina dakika chache kabla ya honi." Akamwekea mfuko mikononi, na kabla ya kugeukia maji alimtazama usoni sawasawa, jambo alilokuwa hajalifanya kwa muda mrefu. "Huyu ndiye."

Théodore alitembea. Mfuko ulikuwa mzito kama mtoto aliyelala, na maji yalirukaruka. Baada ya hatua ishirini yalikuwa yameshafika kwenye suruali. Alisimama, akayapunguza kidogo. Mbele kidogo akapunguza tena. Alipofika kwenye miti aliufungua ukingo ili ahakikishe samaki yupo, akamkuta amelala ubavu, mdomo ukifunguka na kufunga, jicho likimtazama yeye au likitazama mbingu.

Mdomo ule aliujua. Aliuona Jumamosi nyingi jikoni kwake, enzi za ndoo. Zabibu hakukubali samaki ahangaike hata kwa muda wa kufungua kitenge kiunoni. Kabla ya kukaa, kabla ya kunywa maji, alimtoa samaki kwenye ndoo, akamwambia, "Pole, mama," kama unavyomwambia mtu aliyebeba mzigo, akampiga mara moja nyuma ya macho kwa mpini wa kisu. Mara moja tu. Kumwacha ateseke mpaka amfikie mpokeaji, alisema, ni kukosa malezi. Théodore alikuwa akitazama kutoka mlangoni, pini mdomoni, wala hakuwahi kuombwa kushika mkia.

Basi alitandika leso yake chini ili asichafue goti. Akatafuta jiwe, akapata la ukubwa wa yai. Akasema, "Pole, mama." Akapiga.

Kwa haki ni lazima isemwe kwamba alipiga vizuri. Maji yaliyobaki, ambayo hayakuwa na kazi tena, aliyatumia kumsafisha. Akamfunga kwenye leso, akanyoosha tai, akaenda kwenye mizani huku amenyoosha mgongo.

Mezani kulikuwa na hodhi refu lenye maji yanayopulizwa mapovu, na ndani yake samaki wakiogelea wakisubiri kurudishwa bwawani. Théodore aliliona, akadhani ni la maonyesho. Mwamuzi alikuwa bibi mmoja mwenye penseli nyweleni. Alipokea leso kwa mikono miwili, akaifungua. Wazazi waliokuwa kwenye foleni walinyoosha shingo mmoja baada ya mwingine.

"Bwana," bibi alisema kwa Kiingereza cha polepole, "huyu amekufa."

"Ndiyo, mama," Théodore akajibu, kwa utulivu wa fundi aliyemaliza kazi. "Hakuteseka."

Bibi aliivuta mizani karibu. Kisha akampima samaki, kilo mbili na gramu mia tatu na arobaini, mkubwa kuliko wote wa siku ile, akaandika, na kando ya alichoandika akaandika tena kwa wino mwekundu. Hakufoka. Alifungua faili, akageuza hadi ukurasa wa Carmel, akamwonyesha kanuni ya tisa: mshiriki mwenye samaki aliyekufa hupunguziwa gramu mia mbili na hamsini. Kidole chake kikashuka hadi chini ya ukurasa.

"Hii ni saini yako?"

Ilikuwa yake. Ilikuwa saini nzuri sana.

Saa saba matokeo yalibandikwa. Wa sita: Wairimu. Wa saba: Carmel. Tofauti, gramu tisini. Carmel alisoma ubao kuanzia juu hadi chini, akaona wino mwekundu, akasoma tena, ndipo alipomgeukia baba yake, ambaye alikuwa amesimama ameshika mfuko wa mkate ambao bibi wa mizani alimtilia samaki wake.

"Papa, ulimfanya nini?"

"Nilimfanya vile mama yako alikuwa anafanya."

"Mama?"

"Ku nyumba. Si unakumbuka? Anasema pole, anapiga mara moja. Mimi niliona na macho yangu."

"Hiyo ni nyumbani, Papa." Kiswahili kilimtoka vipande vipande, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. "Ya kula. Hapa Mama hakuua. Hata moja. Alikuwa anabeba hivi." Akakumbatia hewa kifuani. "Maji yote yanamwagika kwa viatu, yeye hajali. Anaongea na samaki njia yote. Na wakimwachia kwa maji, anasimama pale mpaka aende. Watu wanamngoja, yeye amesimama tu."

Théodore alifikiria vile viatu vilivyolowa. Miaka minne alivianika nyuma ya jokofu bila kuuliza.

"Alikuwa anamwambia nini?"

"Sijui. Kibembe." Carmel alifuta pua kwa mkono wa shati. "Sikuwahi kuuliza."

Théodore naye hakujua Kibembe, lugha ya kwao Zabibu. Kati ya wote waliokuwa kwenye bwawa lile, hakuna aliyekijua.

Gichuki alikuja akipangusa jasho, simu mkononi. "Mzee, twende tuongee na hawa watu. Kuna rufaa. Mtu hakuelewa, mtu ni mgeni, wanaweza kuondoa hiyo adhabu." Aliyasema kwa nguvu na kwa haki, huku akijua ni nani ambaye angetoka kwenye nafasi ya sita rufaa ikikubaliwa. Wairimu alikuwa nyuma yake, medali ameificha ndani ya koti.

Théodore alimtazama Carmel. Carmel alikuwa akimtazama Wairimu.

"Acha, Baba Wairimu. Nimetia saini."

"Una uhakika?"

"Nimesoma na nimeelewa," Théodore akasema.

Kwa sifa ya Gichuki, aliuliza mara ya tatu. Na kwa ukweli, mabega yake yalishuka alipojibiwa.

Njia nzima hakuna aliyewasha redio. Mfuko wa mkate ulisafiri juu ya suti ya bluu, na maji yake yakaendelea kutoka kidogo kidogo, sasa bila mtu wa kuyapunguza. Kwenye robot, zile taa za kuongozea magari za kutokea Randburg, nyekundu ilikaa kwa muda mrefu. Gichuki alishindwa kustahimili.

"Eish. Haya, mwakani tena, Carmel. Sivyo?"

"Sharp, Uncle," Carmel akaitikia.

Mwakani angekuwa na miaka kumi na sita, na kundi lile linakoma kumi na tano. Wairimu aliisukuma medali ndani zaidi ya koti. Taa ikawa ya kijani.

Jumapili, baada ya ibada, Théodore alisimama jikoni mbele ya samaki aliyekuwa amelala kwenye jokofu usiku kucha. Alijua kukata kitambaa cha aina yoyote bila kukipima mara mbili. Kwa samaki hakujua aanzie kichwani au mkiani. Alijaribu na mkasi, akauweka chini, akauosha, akasimama tena.

Carmel aliingia kuchota maji. Alimtazama baba yake, akamtazama samaki, akaweka kikombe.

"Si hivyo, Papa."

Akachukua kisu. Alianza kuparua magamba kutoka mkiani kwenda kichwani, kwa mapigo mafupi, na magamba yakawa yanaruka hadi kwenye kioo cha dirisha.

"Shika hapa. Kwa mkia. Kaza."

Théodore alishika mkia, akakaza. Alitaka kuomba msamaha, lakini maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya Kifaransa cha barua za ofisini na Kiswahili cha wateja, na hakuna lililofaa. Alichosema mwishowe ni kwamba kisu kile kinahitaji kunolewa. Carmel alisema ni kweli.

Walipika na nyanya na kitunguu, wakasonga bukari, ugali wa kwao, kwa unga wa dukani. Carmel aliomba chumvi kwa Kiswahili. Hakula sana mwanzoni, kisha akala. Machozi yalimtoka mara moja, akayaacha yamalizike yenyewe huku akitoa miba, na baba yake akajishughulisha na sahani yake ili asionekane anatazama. Nje vijana wenye jezi walikuwa wakielekea uwanjani Ellis Park wakipuliza vuvuzela.

Samaki alikuwa wa kilo mbili na gramu mia tatu na arobaini. Kwa watu wawili alitosha Jumapili na Jumatatu.